Ukuta na Baraza

Butimba ni kata ya Jiji la Mwanza, kusini ya katikati ya mji, katika nchi ile ya majabali makubwa yaliyopandana kuelekea ziwani. Mambo mawili yamelifanya jina lake lijulikane mbali kupita ukubwa wake. La kwanza ni gereza, na la pili ni chuo cha ualimu. Gereza lina ukuta, na kazi ya ukuta ule ni kuzuia watu wasitoke. Chuo hupokea vijana kutoka pembe nyingi za nchi, na kazi yake ni kuwatoa, waende wakasimame mbele ya watoto wa watu wengine na kusema. Majirani hawa wawili wamekaa pamoja kwa miaka mingi bila ya kugombana, wala hapana mtu awalaumuye kwa kuwa jirani. Lakini mpita njia mwenye kufikiri aweza kuona kwamba kati ya ukuta na ubao wa darasa limelala swali moja gumu la maadili: jamii imwonapo mwanawe amezungukwa na hatari, impe lipi katika haya mawili, ukuta wa kumficha au mlango wa kumtoa mbele za watu?

Katika mwambao wa Ziwa Victoria swali hili si la mchezo wa akili. Limeulizwa kwa damu, na walioulizwa ni watu wenye ualbino. Habari za wanawake wao ndizo zistahilizo kutazamwa hapa, kwa sababu katika wao mizigo miwili imekutana juu ya bega moja.

Watu hawa ni jamii ndogo. Sensa ya 2012 iliwahesabu zaidi kidogo ya 16,000 katika nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 45. Uchache wao, walakini, haufanani na uchache wa makundi mengine. Kabila dogo lina ardhi yake, lugha yake na makaburi ya wazee wake. Mtu wake akidharauliwa mjini aweza kurudi kwao. Watu wenye ualbino hawana kabila, wala lugha, wala wilaya. Huzaliwa katika Wasukuma, Wakerewe, Wazinza, Wahaya na Wajita, mmoja hapa na mmoja pale, kama punje chache za rangi nyingine katika gunzi moja la mahindi. Kwa mgeni kuna safari ya kurudi kwao; kwa mtoto huyu kwao ni hapo hapo alipokataliwa. Ni mgeni katika nyumba ya mama yake mzazi.

Na mama huyo ndiye mwanamke wa kwanza wa habari hii. Elimu ya uzazi yasema wazi kwamba mtoto hawi na ualbino ila apokee asili hiyo kwa wazazi wote wawili, baba na mama, ambao wao wenyewe aghalabu ni weusi kama jirani zao na hawakujua kuwa wanaichukua. Wazazi wa namna hiyo wakikutana, katika kila uzazi kuna fungu moja kwa manne la kumpata mtoto mweupe. Hesabu hii ni ya haki kabisa, nusu kwa nusu. Hukumu ya kijiji haikuifuata. Mara nyingi, mtoto alipotoka tumboni, baba alitoka mlangoni, na mama aliachwa na maelezo matatu ya kuchagua: kwamba alizini na Mzungu, au alitembelewa na pepo, au ukoo wao una laana. Yafaa ikumbukwe kwamba mwanamume aliyekimbia aliondoka na nusu yake ya asili ile ndani ya mwili wake, akaenda nayo kwa mke mwingine, wala hapana baraza lililomwita kueleza.

Mtoto wa kike akikua katika nyumba ile hukutana na jua. Ngozi yake haina rangi ya kutosha ya kuikinga, na macho yake huona kwa shida, hasa vitu vya mbali na mahali penye mwanga mkali. Sasa kazi za mwanamke wa mwambao karibu zote ni za juani. Pamba hupaliliwa na kuchumwa juani. Mpunga hulimwa juani. Dagaa huvuliwa usiku na wanaume kwa taa, lakini kukipambazuka huanikwa na wanawake juu ya mchanga na majabali, na lazima wageuzwe na walindwe mpaka wakauke. Mwanamke asiyeweza kusimama mwaloni saa sita mchana hana dagaa wa kuuza. Asiye na cha kuuza hana cha kutia katika mchango wa upatu. Asiyetia mchango haitwi katika kikao cha upatu. Na kikao cha upatu ndicho baraza la kwanza ambamo wanawake wengi wa nchi hii hujifunza kusimama na kunena. Kwa hiyo hapakuwa na sheria iliyomfukuza katika baraza. Lilimfukuza jua, na wenzake hawakuona sababu ya kumwekea kivuli. Na kivuli chenyewe si ghali mno: kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya ngozi ambayo siku hizi hutengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC huko Moshi. Asiyevipata hivi huishia hospitali nyingine, Bugando, kilimani Mwanza, akiwa na kidonda cha saratani katika umri ambao wenzake wangali wakizaa.

Hayo yote yalikuwako kabla ya mauaji. Kwa kuwa mauaji yalipigiwa kelele na dhuluma ile ya kimya haikupigiwa, watu wengi hudhani kuwa taabu ilianza 2006 na 2007, wakati habari za maiti zilizokatwa viungo zilipozidi kutoka Mwanza, Shinyanga, Mara na Kagera. Si kweli. Wauaji hawakuanguka kutoka mbinguni. Walikuta watu ambao tayari walikuwa wamekwisha kutolewa katika hesabu ya watu. Walioitwa zeruzeru kwa kicheko waliweza kuitwa dili kwa biashara; umbali kati ya majina yale mawili si mkubwa kama inavyodhaniwa. Ilisemwa kwamba kiungo kikiwekwa katika dawa humpa mchimbaji dhahabu na mvuvi sangara, na walikuwako waliokuwa tayari kulipa fedha nyingi ambazo maskini wa kukodiwa hakupata kuziona maishani. Nchi hii ilikuwa na mazoea mabaya kabla ya hapo. Vikongwe wa Usukuma waliuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa mekoni walimopika maisha yao yote. Mwanamke alitumika hata akaharibika, kisha uharibifu ule ukawa ushahidi juu yake.

Ni haki kusema kuwa serikali haikukaa kitako. Mwandishi wa habari Vicky Ntetema aliingia kwa siri katika nyumba za waganga 2008, akaonyesha namna bei zilivyotajwa, na baada ya hapo ikambidi yeye mwenyewe ajifiche. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Machi mwaka ule wananchi wa mikoa ya ziwa waliitwa kupiga kura ya siri, si ya kuchagua kiongozi, bali ya kuandika jina la wanayemshuku kwa uuaji. Septemba, Mahakama Kuu ilipokaa Kahama, watu watatu walihukumiwa kunyongwa kwa kumwua mtoto wa kiume mwenye ualbino. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa 2010. Hata hivyo Desemba 2014 mtoto wa kike wa miaka minne alichukuliwa usiku katika wilaya ya Kwimba, na Mei 2024 mwingine, ambaye hajatimiza miaka mitatu, alinyakuliwa nyumbani kwao Muleba na baadaye mabaki ya mwili wake yakaonekana. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliona kwamba dola haikutimiza ipasavyo wajibu wake kwa watu hawa.

Katika hofu ile ndipo ukuta ulipoonekana kuwa rehema. Shule ya Mitindo katika wilaya ya Misungwi, ambayo ilikuwa ikifundisha watoto wasioona, ilipokea watoto wenye ualbino waliokimbizwa kutoka vijijini. Kituo cha Buhangija katika Shinyanga kilijaa kupita kiasi, na Kabanga katika Kasulu vilevile. Wengine waliletwa wakiwa wangali wakinyonya, pamoja na mama zao. Hapana mtu mwenye moyo awezaye kulaumu kitendo kile. Nyumba ikiwaka moto, mtoto hutupwa dirishani. Haulizwi kwanza kama apenda dirisha. Lawama huanza baadaye, moto ukiisha kupungua na mtoto akawa angali amelala chini ya dirisha miaka mitano, sita, saba, wala hapana aliyekuja kumwinua.

Ukuta una desturi moja mbaya: humkinga mtu na mwuaji, na papo hapo humkinga mwuaji na macho ya mtu. Kijiji ambacho mtoto wake amepelekwa mbali kwa usalama hupumzika. Hakilazimiki tena kujiuliza kwa nini kwake hapakalika. Binti alelewaye ndani ya ua hujifunza kusoma na kuandika, na pengine kushona. Hajifunzi shamba la baba yake linakoishia, nani mjumbe wa nyumba kumi zao, na vikao vya ukoo huitwa lini. Arudipo akiwa na miaka kumi na minane ni msomi katika nchi asiyoijua. Ndugu zake wamegawana mashamba. Haikuhitaji mtu kumdhulumu, ilitosha asiwepo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kinga yetu ilikuwa njia ya kumfanya asiwepo.

Aweza mtu kujibu kwamba aliye hai bila shamba ni bora kuliko aliyekufa mwenye shamba. Jibu hili ni kweli, na kwa kuwa ni kweli limefunga midomo mingi. Lakini limejengwa juu ya dhana kwamba uhai na nafasi ni vitu viwili, kwamba mtu hupewa kwanza uhai, kisha, Mungu akijalia, nafasi. Mambo ya mwambao yaonyesha kinyume. Watu hawa waliuawa kwa urahisi kwa sababu hawakuwa na nafasi. Mtu ambaye jana alisimama kikaoni akabishana juu ya bei ya mbegu, akakopesha mmoja na kumdai mwingine, si rahisi kugeuzwa dili usiku, maana ana wadaiwa, ana wapinzani, ana watu waliozoea sauti yake. Nafasi katika baraza ni sehemu ya kinga yenyewe. Ni ukuta uliojengwa kwa watu.

Jambo hili laonekana kwa uchungu zaidi mahakamani. Mwanamke mwenye ualbino akinusurika, yeye ndiye shahidi wa kwanza, na mara nyingine ndiye shahidi pekee. Wauaji huja usiku. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kuweka kanuni 1980, nayo hutajwa na mawakili mpaka leo, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu, na hautoshi ila hakimu aridhike juu ya mwanga uliokuwapo, umbali, muda ambao shahidi alimtazama mshitakiwa, na kama alimjua tangu zamani. Kanuni hii ni njema. Imeokoa shingo za watu wasio na hatia, na gereza la Butimba lingekuwa na wafungwa wengi wa kuonewa kama isingalikuwapo. Lakini tazama imwangukiavyo mwanamke huyu. Wakili wa mshitakiwa hana haja ya kutafuta mbali. Atauliza juu ya taa, kisha juu ya macho. Mama, waweza kusoma maandishi yale ukutani? Kofia ya askari yule mlangoni ni ya rangi gani? Na mwanamke aliyemjua mtu wake kwa sauti, kwa mwendo, kwa harufu ya tumbaku, kwa ujirani wa miaka ishirini, atajikuta akipimwa kwa kipimo ambacho hakuwa nacho tangu kuzaliwa. Utambuzi wa sauti nao huhesabiwa mahakamani kuwa dhaifu.

Hapa hapana njia nyepesi. Kumwamini kwa huruma ni kumhatarisha mtu mwingine kwa kamba ya shingo, na haki iliyotolewa kwa huruma siku moja huondolewa kwa hasira siku ya pili. Kutomwamini ni kumwambia mwuaji kwamba kuna aina ya watu waweza kukatwa mbele ya macho yao wenyewe na pasiwe na aliyeona. Njia iliyobaki ni ya polepole na ya kazi: hakimu aelezwe na mtaalamu kile ambacho macho ya namna hii yaweza na kile yasichoweza, maana hayako sawa kwa watu wote, na mengi huona vema mtu akiwa karibu, polisi wafike upesi, watafute alama nyingine, na majirani waje kusema. Majirani ndio kitovu cha mambo. Kesi nyingi huvunjika si kwa sababu mwanamke haoni, bali kwa sababu wanaoona wamenyamaza. Na kwa nini waseme kwa ajili ya mtu ambaye hawajapata kukaa naye katika kikao chochote?

Inasemwa kuwa sheria zimekwisha kumpa mwanamke nafasi. Ni kweli, na si haba. Katiba yataka wabunge wanawake wa viti maalum wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wote wa aina fulani zilizotajwa humo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Chama cha watu wenye ualbino nacho kipo tangu miaka ya mwisho ya 1970, kikisema kwa ajili ya wote wenye hali ile. Basi mwanamke mwenye ualbino amehesabiwa mara mbili, mara moja kwa jinsia yake na mara moja kwa ngozi yake. Yawaje asionekane?

Jibu ni kwamba hupotea kati ya hesabu mbili. Zinapotafutwa nafasi tatu za wanawake katika kijiji cha watu elfu mbili, watachaguliwa wanawake wenye jamaa wengi, wenye mume anayejulikana, wenye duka, wenye sauti iliyozoewa. Na hakuna aliyekosa katika kuwachagua. Inapotafutwa sauti ya watu wenye ualbino, husimama mwanamume, kama ilivyo desturi katika vyama vyetu vingi, kwa kuwa yeye alisoma zaidi, au yeye aweza kusafiri na kulala ugenini bila maneno. Kila kundi kwa zamu yake huamini kwamba yule mwanamke amewakilishwa na lile kundi jingine. Wanawake husema, huyo ana chama chake. Chama husema, huyo ana viti vya wanawake. Ni kama mjane wa ndugu wawili katika hadithi ya kale ya urithi: kila mmoja ashukuru kuwa chakula chake kipo kwa mwenzake, na jioni inafika hajala.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kumtengea kiti chake, kiti cha mwanamke mwenye ualbino. Dawa hii imepata kujaribiwa kwa namna yake. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge na Rais Jakaya Kikwete 2008, wakati mauaji yalipokuwa makali, na uteuzi ule ulikuwa tendo kubwa. Mtu ambaye mitaani aliitwa bei ya dawa alikaa ndani ya nyumba inayotunga sheria. Miaka miwili baadaye Salum Khalfani Bar'wani, mwanamume mwenye ualbino, alichaguliwa na wapiga kura wa Lindi Mjini. Matukio haya mawili yafaa yawekwe ubavu kwa ubavu, si kwa kushindanisha watu wawili waliofanya kazi njema, bali kwa kutazama aina mbili za kiti. Kiti cha kuteuliwa husema: jamii hii yamtambua mwenye jeraha. Kiti cha kuchaguliwa husema: watu wa Lindi, walio wengi, ambao ngozi zao si kama yake, wamempa huyu barabara zao, visima vyao na korosho zao azisemee. La kwanza ni la heshima, na wakati ule lilikuwa la lazima. La pili ni la usawa.

Historia ya nchi ina mfano wa zamani zaidi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 serikali ya kikoloni iliamuru kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Mpango ulikusudiwa kuwagawa watu, na TANU iliushuku kwa haki, ikabishana juu yake huko Tabora Januari 1958 kabla ya kukubali kuingia. Lakini mpango ule ulizaa jambo ambalo waliouweka hawakulitazamia. Sophia Mustafa, mwanamke mwenye asili ya Bara Hindi aliyekaa Arusha, mmoja wa watu wachache katika wachache, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa anaungwa mkono na TANU na kwa kura za watu wa makabila yote. Akawa na deni kwa Mwarusha na Mchaga kama alivyokuwa na deni kwa mwenye duka wa Kihindi. Kiti chake kilikuwa cha kundi dogo kwa jina. Kwa kura, kilikuwa cha umma. Tofauti hii ni kubwa, na wanaodai viti leo aghalabu huisahau. Mwanamke wa jamii ndogo akiitwa barazani ili asimulie mateso yake tu, amepewa sauti ya nusu. Watu watamsikiliza, watalia, watampigia makofi, na ajenda ifuatayo ikiwa ni maji, atanyamaza na hapana atakayeona ajabu.

Ipo hoja nyingine, na wasemao ni watu wazima wenye heshima, kwamba mila zina mwendo wake, na kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Juu ya mila, Mahakama Kuu katika Mwanza yenyewe ilikwisha kusema. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake, na ambaye mpwa wake alidai kuwa mwanamke hana uwezo wa kuuza. Jaji aliona kwamba kanuni ile ya mila haikuweza kusimama mbele ya Haki za Binadamu zilizokuwa zimeingizwa katika Katiba 1984. Mila iliinama, wala Uhaya haukuporomoka. Na juu ya wengi, yatosha kuuliza ni nani waliokuwa wengi 2007. Neno liliharibika penye wengi, mchana kweupe, na lilitengenezwa na wachache waliokataa kunyamaza.

Hata hivyo hoja ya wazee ina chembe ya kweli. Baraza si chombo cha kugawia vipande. Likigawanywa vipande kwa kila hali ya mwili na kila ukoo, kila mjumbe atalinda kipande chake na pasiwe na wa kulinda chombo. Ndiyo maana swali la viti, pamoja na umuhimu wake, si la mwisho. La mwisho ni nini anachoulizwa mtu akiisha kuketi. Katika miaka ya karibuni mtambo mkubwa wa maji umejengwa Butimba, wa kuvuta maji ya ziwa na kuyasafisha kwa ajili ya jiji. Mabomba yapite mtaa gani kwanza? Kioski kikae wapi? Ndoo iuzwe kiasi gani? Mwanamke mwenye ualbino huchota maji kama mwingine, tena ana sababu ya kutaka kioski kiwe karibu na kiwe na paa. Akisema kiwe na paa, amesema neno la mwili wake, na mama mjamzito na mzee watakaosimama chini ya paa lile hawatauliza lilitoka katika ngozi ya nani. Mwaka 2017 kundi la watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe, wanawake kwa wanaume, lilitoa mkusanyo wa nyimbo zilizosikiwa hata Uingereza. Wageni walishangaa kwamba watu wale huimba. La kushangaza lingekuwa kama wasingaliimba. La kusikitisha ni kwamba sauti ilibidi ivuke bahari kabla ya kuvuka ua wa jirani.

Mzigo huu kwa sehemu kubwa uko juu ya walimu, na hapo chuo kile cha Butimba charudi katika habari. Binti mwenye uoni hafifu akiketishwa nyuma ya darasa haoni ubao. Asipoona ubao huhesabiwa mjinga. Akihesabiwa mjinga huacha shule. Na miaka ishirini baadaye, litafutwapo jina la mwanamke wa kuingia katika baraza la ardhi, husemwa kwamba hakusoma. Mnyororo ule wote waweza kukatwa na mwalimu mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, aliyefundishwa kumweka mtoto mbele, mbali na dirisha lenye jua, kuandika kwa herufi kubwa, kusoma kwa sauti kile anachokiandika, na kumruhusu avae kofia mstarini wakati kanuni ya shule yakataza kofia. Si mambo ya fedha. Ni mambo ya kukumbuka, na kukumbuka huja kwa mtu aliyepata kufundishwa kuwa yule ni mtoto wa darasa lake.

Na liko jambo dogo zaidi, ambalo wenyeviti wa mitaa hawajalifikiria kwa sababu kwao si jambo. Mkutano wa mtaa huitwa saa nane mchana, chini ya mwembe au katika uwanja wa shule. Kivuli cha mwembe huhama, na aliyeketi ukingoni huachwa juani. Mwanamke mwenye ualbino akija saa nane ataungua. Basi husemwa, kwa nia njema, mkutano usogezwe jioni. Lakini jioni hugeuka usiku, na njia ya kurudi nyumbani ndiyo ile ile ambayo kwa miaka yote hii ameambiwa asiipite peke yake. Mchana humchoma, usiku humtisha, na daftari la mahudhurio huandika kwamba hakufika. Saa ya mkutano haimo katika Katiba, wala katika sheria ya 1999 au ya 2010. Iko mikononi mwa mwenyekiti, ambaye aweza kuita watu saa kumi, ndani ya darasa lenye paa, akafunga kikao saa kumi na mbili kasoro robo, kisha akawaambia majirani wawili wa mwanamke yule, kwa majina, kwamba wataondoka pamoja naye.